Toleo Jipya Litatoka Lini? Yakini, Dhana na Ada katika Kukisia Tarehe za Linux

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. 

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifika mwisho, mazungumzo ya Linux yamekuwa mengi baina yetu. Sababu inajulikana. Laptopu nyingi tunazotumia ni za mkono wa pili, na Windows 11 inazikataa. Ndugu waliotangulia wameweka Ubuntu, wengine Debian, wengine Linux Mint. Na sasa, katika Shaaban hii ya 1447, kuna ndugu wanaotaka kuteremka Rumonge kabla ya Ramadhani ili kuzifufua kompyuta za madrasa moja zilizokaa muda mrefu bila kazi. Hapo ndipo swali lilipozuka: tuweke toleo lililopo au tusubiri jipya? Na hilo jipya litatoka lini?

Nilisikia majibu ya aina tatu. Wa kwanza alitaja siku, akaiapia. Wa pili alisema kuuliza hivyo ni kuingilia mambo ya ghaibu, tumwachie Allah. Wa tatu akapendekeza kila mtu ataje tarehe yake, na atakayekosa awanunulie wenzake mukeke wa kuchoma. Kila mmoja kati ya hao watatu aligusa mlango wa fiqhi bila kukusudia, na kwa kuwa pesa za kununulia mega na nauli ya kwenda Rumonge zimechangwa na wanafunzi wenzetu, nimeona suala hili linastahili somo kamili.

Kwa asiyejua: Linux si mali ya kampuni moja. Kiini chake huchukuliwa na makundi mbalimbali, kila kundi likakipangia programu zake na kuutoa mkusanyiko huo kwa jina lake. Ubuntu, Debian, Fedora na Mint ni mikusanyiko ya namna hiyo, nasi vijana tunaiita distro. Kila distro hutoa toleo jipya baada ya muda, na toleo la zamani likifika mwisho wake huachwa bila marekebisho ya usalama. Kwa hiyo tarehe si jambo la udadisi tu. Faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 lina karibu gigabaiti 6. Anayelipakua kwa mega za kununua, kisha wiki mbili baadaye likatoka jingine alilokuwa analihitaji zaidi, amepata hasara anayoweza kuihesabu kwa faranga.

Je, kukisia ni kudai ghaibu?

Tuanze na ndugu wa pili, kwa sababu hoja yake ikisimama hakuna somo tena. Aya ya mwisho ya Surat Luqman inataja mambo matano ambayo elimu yake iko kwa Allah peke yake: Saa ya Kiyama, mvua, kilichomo matumboni mwa mama, mtu atachuma nini kesho na atafia ardhi gani. Na katika Sahih Muslim imepokewa kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Haya ni mazito na hakuna wa kuyapunguza.

Lakini wanazuoni hawakuiweka kila kauli juu ya kesho katika kapu moja. Ibn Taymiyya (rahimahullah), aliyefariki mwaka 728 Hijria, alikuwa mkali sana kwa wanaotegemea hesabu katika kuthibitisha mwandamo wa mwezi. Pamoja na ukali huo alieleza kwamba kupatwa kwa jua na mwezi kuna nyakati zake zinazojulikana kwa hesabu, na mwenye kuitumia hesabu hiyo hadai elimu ya ghaibu. Tofauti iko kwenye njia. Mpiga ramli hana dalili anayoweza kukuonyesha. Mwenye hesabu anakuwekea hesabu yake mezani, nawe unaweza kumrekebisha.

Mvuvi wa ndagala pale Rumonge anajua kwamba usiku wa mbalamwezi taa zake hazivuti samaki, kwa hiyo hupumzika siku za mwezi mpevu na kurudi ziwani giza linaporudi. Hajasema ghaibu. Amesoma ada ambayo Allah ameiweka katika ziwa. Angesema "usiku wa Jumanne nitapata ndoo ishirini", hapo angekuwa amevuka mpaka, na hata wavuvi wenzake wangemcheka.

Kwa hiyo kukisia kwa dalili kunajuzu. Kinachobaki ni adabu yake, na adabu ya kwanza iko katika Surat al-Kahf, aya ya 23 na ya 24: mtu asiseme juu ya jambo kwamba atalifanya kesho bila kuliunganisha na matakwa ya Allah. Ndugu yetu wa kwanza, aliyeapa, hakosi kwa kutaja tarehe. Anakosa kwa kuiapia.

Daraja za elimu

Waliosoma al-Waraqat ya Imam al-Haramayn al-Juwayni (aliyefariki 478 Hijria) wanakumbuka kwamba kabla ya kuingia katika amri na makatazo, imam anapambanua baina ya elimu, dhana na shaka. Dhana ni pale panapowezekana mambo mawili na moja likawa na nguvu zaidi. Shaka ni pale yanapolingana, hakuna la kulipendelea. Washereheshaji wakaongeza wahmu, ule upande dhaifu unaobaki wakati upande wa pili umeshinda. Na juu ya yote iko yakini.

Wengi wetu tunazihifadhi daraja hizi kwa ajili ya mtihani kisha tunazisahau. Nataka tuzitumie hapa. Mtu akikuambia toleo fulani litatoka mwezi fulani, swali la kwanza liwe: hii ni yakini, ni dhana yenye nguvu, ni shaka au ni wahmu? Jibu linategemea zaidi aina ya ahadi iliyotolewa na wenye distro, na kidogo tu uhodari wa anayekisia. Ahadi hizo ziko za aina mbili kubwa.

Ubuntu: wenye kalenda

Jina lenyewe halihitaji tafsiri kwetu. Kwa Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu cha bure tunakiita cha ku buntu. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004. Likaitwa 4.10, yaani mwaka 2004 mwezi wa 10. Zingatia hili: tarehe imo ndani ya jina. Matoleo yao hutoka kila Aprili na kila Oktoba, na kila baada ya miaka miwili toleo la Aprili huwa la muda mrefu, linalohudumiwa bure kwa miaka mitano.

Angalia matoleo ya muda mrefu yaliyopita: 26 Aprili 2018, 23 Aprili 2020, 21 Aprili 2022, 25 Aprili 2024. Zote ni Alhamisi. Hata ukirudi nyuma mpaka 2008, siku ni ileile. Waliwahi kuiacha Alhamisi kwa toleo la 10.10, wakalitoa Jumapili tarehe 10 Oktoba 2010, kwa kuupenda mpangilio wa 10.10.10 tu. Linalofuata, 26.04, limepangiwa tarehe 23 Aprili 2026, ambayo nayo ni Alhamisi.

Je, wamewahi kukosa? Mara moja katika mwezi. Toleo la kwanza la muda mrefu lilikuwa litoke Aprili 2006. Shuttleworth akapendekeza kuchelewa wiki sita ili lisafishwe vizuri, likatoka tarehe 1 Juni 2006, na ndiyo maana jina lake ni 6.06. Baada ya hapo mwezi haujakosekana.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2024. Tarehe 29 Machi mwaka huo, mhandisi mmoja aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz umefichwa mlango wa siri. Aliugundua kwa kufuatilia kuchelewa kwa karibu nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye seva. Nusu sekunde! Ubuntu wakalazimika kuzijenga upya programu zao, na toleo la majaribio lililokuwa litoke tarehe 4 Aprili likasogezwa mpaka tarehe 11. Wengi walikisia kwamba na toleo lenyewe litachelewa. Halikuchelewa. Lilitoka tarehe 25 Aprili kama lilivyopangwa.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu hawalioni. Tarehe ya Ubuntu ni madhubuti kwa sababu kilichomo ndani si madhubuti. Programu isiyokuwa tayari huachwa nje, au huingia na dosari zake zikarekebishwa baadaye. Ni mvuvi anayejua siku ya kutoka, hajui nyavu zitarudi na nini. Ndiyo maana kuna toleo dogo la kwanza la marekebisho, linalokuja karibu na Agosti, na aliyeko kwenye toleo la muda mrefu haulizwi kuhamia jipya mpaka hilo dogo litoke. Na hilo dogo huteleza: 24.04.1 lilikuwa litoke tarehe 15 Agosti 2024, likatoka tarehe 29, kwa sababu ya dosari katika kupandisha kompyuta kutoka toleo la zamani.

Kwa hiyo kuhusu 23 Aprili 2026, mimi naiweka katika dhana yenye nguvu, karibu na yakini. Kuhusu siku ambayo 26.04 itafaa kuwekwa kwenye kompyuta za watoto wa madrasa, ni Agosti au zaidi, na hapo dhana inapungua nguvu.

Debian: wenye kusubiri mwandamo

Debian ni wazee wa Ubuntu, kwani Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Wao msimamo wao unajulikana: toleo litatoka litakapokuwa tayari. Kuna dosari wanazoziita za kuzuia, na maadamu zimebaki za kuwatia wasiwasi, toleo halitoki. Kazi inafanywa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na hakuna bosi wa kupiga meza.

Kwa mwanafunzi wa fiqhi mfano unajileta wenyewe. Ubuntu ni mfano wa wanaofuata hesabu: kalenda imechapishwa mwaka mzima kabla. Debian ni mfano wa wanaofuata kuona. Pale Rumonge tunasimama ufukweni jioni ya tarehe 29 tukitazama magharibi, juu ya ziwa, mpaka kwenye milima ya Kongo ambako jua limezama. Mwezi ukionekana, tumeingia. Usipoonekana, tunakamilisha thelathini, kama ilivyokuja katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Hakuna anayelaumiwa kwa mwezi kutoonekana.

Khilafu ya kuona na hesabu yenyewe siingii ndani yake leo. Jamhuri ya wanazuoni wameshikilia kuona. Taqiyuddin as-Subki katika karne ya nane Hijria aliona kwamba hesabu ikionyesha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kuuona hurudishwa. Na mwaka 1939 mwanahadithi wa Misri, Ahmad Muhammad Shakir, akaandika risala ya kuiunga mkono hesabu. Ninachotaka mkione ni kimoja: hata anayefuata kuona hayuko gizani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwa ishara ya vidole vyake kwamba mwezi ni siku 29 au 30. Ramadhani hii inatarajiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari 2026, na hakuna anayekaa ufukweni tarehe 5 akisubiri. Kutojua siku hakumaanishi kutojua mpaka.

Debian nayo ina mipaka yake, na tunaipata kwa ada. Toleo la 3.0 lilitoka tarehe 19 Julai 2002, na lililofuata likachelewa mpaka tarehe 6 Juni 2005, karibu miaka mitatu, watu wakakata tamaa. Baada ya hapo mwendo ukatulia: Aprili 2007, Februari 2009, Februari 2011, Mei 2013, Aprili 2015, tarehe 17 Juni 2017, tarehe 6 Julai 2019, tarehe 14 Agosti 2021, tarehe 10 Juni 2023, tarehe 9 Agosti 2025. Chukua kalamu uhesabu. Utaona kwamba tangu 2005 kuna vipindi kumi, kifupi zaidi ni miezi 22 na kirefu zaidi ni miezi 27.

Mara ngapi jambo lijirudie ndipo liitwe ada? Swali hili mafakihi walilijadili katika mlango wa hedhi, pale mwanamke mwenye damu isiyokatika anaporudishwa kwenye ada yake ya zamani. Kauli sahihi kwa Mashafii ni kwamba ada huthibiti kwa mara moja. Kwa Mahanbali ni mara tatu. Debian wana mara kumi, kwa hiyo kwa madhehebu yoyote kati ya hayo mawili ada imethibiti, na kanuni kwamba ada ni yenye kuhukumu inapata nafasi yake.

Ongeza miezi 22 kwenye tarehe 9 Agosti 2025: unapata Juni 2027. Ongeza 27: unapata Novemba 2027. Wastani unaangukia Agosti au Septemba. Basi Debian 14 naikisia baina ya Juni na Novemba 2027, inshaallah, na anayetaja siku leo anasema kwa wahmu.

Lakini tukikaribia kuna alama. Kabla ya kutoa toleo, Debian husitisha mabadiliko kwa hatua: kwanza yale makubwa, kisha programu mpya, kisha karibu kila kitu. Kwa toleo la 12 hatua ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Januari 2023 na toleo likatoka tarehe 10 Juni. Kwa toleo la 13 ilikuwa tarehe 15 Machi 2025 na toleo likatoka tarehe 9 Agosti. Kote ni karibu miezi mitano. Toleo la 11 lilichukua miezi saba, kuanzia Januari mpaka Agosti 2021. Kwa hiyo ukisikia hatua ya kwanza imetangazwa, hesabu miezi mitano mpaka saba. Na siku ya kutoka, wao hupenda Jumamosi, tarehe zote tano za mwisho ni Jumamosi, nadhani kwa sababu watu wa kujitolea hupata nafasi mwisho wa wiki. Ubuntu Alhamisi, Debian Jumamosi, Ijumaa wametuachia sisi.

Dhana iliyojengwa juu ya dhana

Linux Mint inapendwa na wanaotoka Windows kwa sababu sura yake haiwashtui. Inajengwa juu ya matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu na hutoka baada yake bila tarehe ya kudumu: Mint 19 tarehe 29 Juni 2018, Mint 20 tarehe 27 Juni 2020, Mint 21 tarehe 31 Julai 2022, Mint 22 tarehe 25 Julai 2024. Ni miezi miwili mpaka mitatu na kidogo baada ya Ubuntu. Ada peke yake ingesema Juni mpaka Agosti 2026. Ila hapa tunakisia tawi kwa kukisia shina, na shina likiteleza wiki moja tawi linaweza kuteleza mwezi.

Na ada ina mpaka mwingine mkubwa zaidi. Ilikuwepo distro ya Waislamu, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Toleo la Kiislamu la Ubuntu, baadaye ikaitwa Sabily, yaani njia yangu. Ilikuja na programu ya kusomea Qur'ani iitwayo Zekr, programu ya nyakati za sala iitwayo Minbar, na kichujio cha kuzuia machafu ya intaneti. Ilifuata nyayo za Ubuntu toleo kwa toleo mpaka 11.10. Mtu aliyekisia mwanzoni mwa 2012 angekuwa na haki ya kutarajia toleo la 12.04. Halikuja. Mradi ulisimama. Hakuna kasoro katika hesabu yake. Ila ada ni ya mtu, na mtu akiacha, ada imeondoka naye. Wanausuli wanaita istis'habu: jambo hubaki kama lilivyokuwa mpaka ithibiti kilicholibadilisha. Neno zito ni hilo "mpaka". Kwa distro inayobebwa na watu watatu wanne, kabla ya kuhesabu miezi, tazama kama wangali kazini. Kila nikiikumbuka Sabily nasikitika kidogo, kwa sababu mchango wa wanafunzi wachache wenye ujuzi ungeweza kuitia nguvu.

Hata ahadi ya maandishi ya wakubwa huvunjika. CentOS 8 ilitangazwa kwamba itahudumiwa mpaka Mei 2029, na mashirika mengi yakaiweka kwenye seva zao kwa kuitegemea tarehe hiyo. Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2021. Miaka saba na zaidi ikafutwa kwa tangazo moja.

"Mpaka mavuno" haifai katika mkataba

Sasa tuje kwenye pesa. Baadhi ya ndugu walipendekeza tumlipe fundi kabla, naye azilete kompyuta "zikiwa na Debian mpya itakapotoka". Hili nalipinga kwa dalili. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa kabla kwa matunda ya mwaka na miaka miwili, akawaelekeza kwamba anayelipa kabla basi iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.).

Mafakihi wakajadili: je, mtu anaweza kuweka muda wake kuwa "mpaka mavuno"? Imam Malik ameruhusu, kwa kuwa msimu wa mavuno unajulikana kwa watu. Imam Shafii na Imam Abu Hanifa wamekataa, kwa kuwa mavuno hutangulia na huchelewa. Mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge analielewa hili kuliko sisi: michikichi ina msimu wake, lakini anayeuza mafuta ya msimu ujao bila kutaja tarehe ya kuyakabidhi hujikuta mahakamani na mnunuzi wake.

"Litakapotoka Debian 14" ni mpaka mavuno, tena mavuno yenye tofauti ya miezi mitano baina ya mapema na kuchelewa. Sisi tulio wengi katika madhehebu ya Shafii hatuna njia hapo. Andikeni tarehe ya kalenda, na toleo liwe lile lililopo siku hiyo. Hata "litakapotoka Ubuntu 26.04", pamoja na nguvu ya ile dhana, nisingeliandika. Ningeandika "tarehe 30 Aprili 2026".

Na kuhusu mukeke: kila mmoja kutaja tarehe, na atakayekosa akalipa kwa ajili ya wengine, ni kamari, hata kama kinacholiwa ni samaki halali wa Tanganyika. Mkitaka raha ya kukisia, andikeni tarehe zenu kwenye karatasi na aliyepata apewe pongezi. Au atokee mtu wa nje ya mashindano atoe mukeke kama zawadi, bila ya washindani kuweka chochote. Hapo hakuna anayekula mali ya mwenzake.

Basi tufanye nini Rumonge?

Kwa maoni yangu, swali la "jipya litatoka lini" siyo swali la madrasa ile. Kompyuta za madrasa zinahitaji kujua la zamani litakwisha lini, na bahati njema tarehe za mwisho hutangazwa mapema zaidi kuliko za mwanzo. Ubuntu 24.04 inahudumiwa bure mpaka 2029. Debian 13 inahudumiwa kikamilifu mpaka Agosti 2028, na kwa huduma ya muda mrefu mpaka Juni 2030. Hizi pia ni ahadi za binadamu, na habari ya CentOS tumeisikia, lakini ni dhana yenye nguvu ya kutosha kupangia kazi.

Tukisubiri 26.04, tutakuwa tumepita Ramadhani yote na Idi kompyuta zikiwa na vumbi, kisha tutasubiri tena mpaka Agosti toleo dogo litoke. Watoto wa madrasa watakuwa wamepoteza nusu mwaka kwa ajili ya sura mpya za vitufe.

Mapendekezo yangu kwa kamati ni haya. Kompyuta zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au chini yake ziwekwe Debian 13 yenye mazingira mepesi ya Xfce. Zenye nafasi zaidi ziwekwe Ubuntu 24.04 au Mint 22. Kama zitapatikana zile za zamani sana za biti 32, Debian 13 haizisakinishi tena, kwa hiyo ziwekwe Debian 12, ambayo huduma yake ya muda mrefu inafika Juni 2028. Mafaili yote yapakuliwe hapa chuoni kabla ya safari na yawekwe kwenye fleshi mbili, moja ya akiba, kwa kuwa kule chini mega ni zetu wenyewe. Na apatikane mtu mmoja mwenyeji wa Rumonge, si wa kuja na kuondoka, aandikiwe kwenye karatasi ya ukutani tarehe ya mwisho ya kila toleo kwa Miladi na kwa Hijria.

Ustadhi wa madrasa akituuliza lini tutarudi kuweka toleo jipya, tumwambie: baina ya Juni na Novemba 2027 kwa zile za Debian, inshaallah, na tutampigia simu tukisikia wamesitisha mabadiliko.

Wallahu a'lam.